Mhandisi wa Karatasi na Hesabu ya Vinavyopotea

Watu wakisikia mtu ni mhandisi wa kiwanda cha karatasi, huwaza madaftari, magazeti na marundo meupe ya karatasi za kuchapia. Kiwanda ninachokizungumzia hakitengenezi hata kimoja kati ya hivyo. Kinatengeneza kaki: karatasi ya kahawia inayoshonwa kuwa mfuko wa saruji, inayokunjwa kuwa bahasha ya ofisini, na inayobebea mkate tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku. Hapa Tanzania kaki hupikwa Mgololo, wilayani Mufindi, katika kiwanda kilichoanza kuzalisha mwaka 1985 kwa jina la Southern Paper Mills na ambacho leo ni Mufindi Paper Mills. Kilijengwa huko kuifuata misindano ya Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini.

Katika kiwanda cha namna hiyo kuna mafundi na wahandisi wa kila aina, na kazi zao nyingi hazihitaji maelezo. Fundi mitambo hutunza pampu. Fundi umeme hutunza mota inayoizungusha. Mhandisi wa mchakato, ambayo ndiyo kazi yangu, hutunza kinachopita ndani ya bomba: ni kiasi gani, kina joto gani, kimebeba nini na kimeenda wapi. Swali hilo la mwisho ndilo linalokula saa nyingi kuliko mengine yote. Kupika mti hadi ukalainika ni jambo ambalo kemia ililimaliza zamani. Kazi inayobaki kila siku ni kuhakikisha kwamba kutoka getini inatoka karatasi peke yake, na vitu vingine vyote vilivyoitengeneza vinarudi ndani kutumika tena.

Tuanze na mti wenyewe. Ukikausha mbao za msindano hadi unyevu wote uishe, asilimia 40 hadi 45 ya uzito wake ni selulosi, yaani nyuzi tunazozitaka. Robo hivi, au zaidi kidogo, ni lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi hizo na kuufanya mti usimame. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni sukari za aina nyingine. Baadhi tungependa zibaki kwenye karatasi, nyingi hutuponyoka. Kutengeneza kaki ni kuiyeyusha lignini bila kuzikatakata nyuzi. Magogo hukatwa vipande vidogo, hutiwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma pamoja na kile tunachokiita maji meupe, mchanganyiko wa kostiki soda na salfaidi ya sodiamu, kisha hupikwa chini ya shinikizo kwenye sentigredi 160 hadi 170, mpaka nyuzi ziachane na kuwa rojo.

Katika upishi huo joto lina nguvu kuliko muda. Mwaka 1957 mtafiti aliyeitwa Vroom, nchini Kanada, alitoa njia ya kuunganisha joto na muda kuwa namba moja, ambayo hadi leo wapishi wa rojo huiita kipimo H. Saa moja kwenye sentigredi 100 huhesabiwa 1. Saa moja kwenye sentigredi 170 huhesabiwa zaidi ya 900. Katika joto la upishi, kila ukipandisha sentigredi 8 hivi, kasi ya kuyeyuka kwa lignini inakaribia kuwa maradufu. Kipimajoto kinachodanganya kwa sentigredi 3 tu hubadilisha kasi hiyo kwa zaidi ya robo, na mwendeshaji aliyekaa mbele ya kioo cha kompyuta hana habari. Ndiyo maana hatuliamini pishi mpaka maabara iseme. Rojo hutiwa pamanganeti ya potasiamu, na kadiri inavyoila nyingi ndivyo lignini iliyobaki ilivyo nyingi. Jibu huitwa namba ya kappa. Kwa karatasi ya mifuko, kappa ya 40 hadi 50 inafaa. Karatasi nyeupe ya kuandikia hupikwa zaidi kisha hupaushwa, na hiyo ni habari nyingine.

Sasa wageni hushtuka wanapoelezwa hesabu ya nusu. Tani mbili za mbao kavu hutoa takriban tani moja ya rojo. Tani ya pili imeyeyuka ndani ya maji meusi, yaani maji meupe yaliyokwisha kupikia, na humo humo zimo dawa zote tulizopikia, nyingi zilizonunuliwa kwa fedha za kigeni. Ukiyaachia maji hayo mtoni utaua samaki, utawaharibia maji walio chini yako, na hutachukua muda kufilisika kwa kununua kostiki upya. Ukiyarudisha, umepata dawa na umepata kuni.

Aliyeturithisha njia hii ya kupika kwa salfaidi ni mkemia Carl F. Dahl, aliyekuwa Danzig katika Ujerumani ya wakati ule. Mwaka 1879 alikuwa akitafuta chumvi ya bei nafuu ya kufidia dawa iliyopotea, badala ya magadi soda ambayo ilikuwa ghali. Akatia salfati ya sodiamu. Tanuri la kuchomea maji meusi likaigeuza salfati kuwa salfaidi, na salfaidi ikaonekana kupika mbao haraka zaidi na kuacha nyuzi zenye nguvu zaidi. Kwa maneno mengine, uimara wa mfuko wa saruji ulitokana na mtu aliyekuwa anabana matumizi. Hata hivyo ilibidi kungojea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, G. H. Tomlinson alipotengeneza boila ya kuchoma maji meusi na kurudisha dawa, ndipo njia hii ikatawala dunia.

Fuata mzunguko wenyewe. Maji meusi huchemshwa hadi yawe mazito, kisha hunyunyiziwa ndani ya tanuri la boila. Lignini na sukari zilizomo huwaka na kutoa mvuke, ambao huzungusha jenereta na kukausha karatasi. Chumvi haziungui. Huyeyuka na kutiririka kutoka chini ya tanuri zikiwa na joto la sentigredi 850 hivi, zikaangukia kwenye tangi la maji na kuwa maji ya kijani. Yaliyomo humo kwa sehemu kubwa ni magadi soda, kemikali ileile inayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya, pamoja na salfaidi. Hapo hutiwa chokaa. Magadi hugeuka kostiki, chokaa hugeuka chaki, na maji meupe yamezaliwa upya. Chaki nayo hupelekwa kwenye tanuri linalozunguka, huchomwa, huwa chokaa tena. Wazee wa Pwani waliochoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea nyumba za mawe Lamu na Unguja walikuwa na kemia hiyohiyo, ila tanuri letu halizimwi usiku.

Kiwanda kinachoendeshwa vizuri hurudisha zaidi ya asilimia 95 ya dawa zake. Mgeni husifu. Mhandisi huuliza asilimia iliyobaki iko wapi.

Jibu mara nyingi ni kwenye uoshaji. Rojo ikitoka kupikwa imelowa maji meusi, na lazima ioshwe. Ukiiosha kwa maji machache, sodiamu inaondoka na rojo, inaingia kwenye mashine ya karatasi, inaleta povu, na mwisho inaishia kwenye maji taka. Ungedhani dawa yake ni kufungulia maji mengi. Lakini kila tani ya maji unayoongeza kwenye kuosha huingia ndani ya maji meusi, na huko mbele lazima mtu ayaondoe kwa mvuke kabla boila haijakubali kuyachoma. Piga hesabu. Tani moja ya rojo huambatana na takriban tani 1.5 za vitu vilivyoyeyuka. Maji meusi yakiwa na asilimia 15 ya vitu hivyo, jumla ni tani 10, na 8.5 kati yake ni maji matupu. Ili yafike asilimia 70 na kuweza kuwaka, inabidi uondoe karibu tani 8 za maji kwa kila tani moja ya rojo. Mitambo ya kuchemshia hupangwa kwa mfululizo, mvuke wa mmoja ukichemsha unaofuata, hivyo tani moja ya mvuke inaweza kuondoa tani nne, tano hata sita za maji. Hata hivyo mvuke huo haupatikani bure.

Basi kati ya kupoteza soda na kupoteza mvuke kuna mahali fulani pa kusimama, na hapatulii. Bei ya kostiki ikipanda bandarini, panasogea upande mmoja. Mabomba ya mitambo ya kuchemshia yakianza kuziba, panasogea upande wa pili. Mhandisi wa mchakato analipwa kujua leo ni wapi. Nasema hivi kwa sababu vijana wengi wanaofika kiwandani kutoka chuoni hutafuta mtambo bora na namba sahihi ya kudumu. Namba ya kudumu haipo, ipo ya wiki hii.

Boila yenyewe inastahili kuogopwa. Chini ya tanuri kuna tope la chumvi zilizoyeyuka; kutani pande zote kuna mabomba yaliyojaa maji. Bomba likitoboka na maji yakaangukia chumvi hizo, maji hugeuka mvuke kwa ghafla kiasi cha kulipua boila nzima. Viwanda vya namna hii vimewahi kuua watu kwa njia hiyo. Kwa hiyo upo utaratibu ambao kila mwendeshaji anaujua kwa moyo: ukishuku kwamba maji yanaingia tanurini, unabonyeza kitufe cha dharura, kengele inalia, watu wote wanaondoka eneo la boila, na maji hutolewa haraka kwenye mabomba ya chini. Hakuna anayemuuliza meneja kwanza. Kitufe hicho kikibonyezwa kwa hofu isiyo na msingi, kiwanda hupoteza siku kadhaa za uzalishaji, na ninavyoona mimi aliyekibonyeza asikemewe hata kidogo. Siku atakapokemewa, mwenzake wa zamu inayofuata atasita.

Tukija kwenye mashine ya karatasi, watu wengi hudhani hapa ndipo uhandisi ulipo, pengine kwa sababu ndipo kelele ilipo. Kimsingi ni mashine ya kuondoa maji. Rojo huingia ikiwa na nyuzi chini ya asilimia 1. Ikiwa ni nusu asilimia, tani moja ya nyuzi inaelea ndani ya tani 200 za maji. Humwagwa juu ya wavu unaokwenda kasi, maji huanguka na kunyonywa, na mwisho wa wavu zimebaki tani 4 hivi. Halafu karatasi hupita kati ya rola za kukamua, ikibebwa na felti, kitambaa kizito kinachopokea maji, ikatoka na tani 1.4 za maji. Hayo ya mwisho ndiyo yanayokaushwa kwa mitungi ya chuma iliyojaa mvuke.

Angalia sehemu ya kukamua. Karatasi ikitoka hapo ikiwa na ukavu wa asilimia 43 badala ya 42, maji ya kukausha yanapungua kwa asilimia 4 hivi, na mvuke vivyo hivyo. Ndiyo maana mhandisi anayejua kazi yake akikuta felti chakavu huiangalia kama mwizi. Felti ikizibwa na uchafu haikamui, mvuke unaongezeka kimyakimya, na hakuna kengele yoyote inayolia. Ripoti ya mwezi ndiyo italia, wakati huo mvuke umekwisha kutumika.

Karatasi ya mfuko wa saruji ina mtego wake. Lazima iwe imara, maana mfuko wa kilo 50 hutupwa kutoka kwenye lori na vibarua wasiojali hesabu zetu. Lazima inyumbuke kidogo kabla ya kupasuka. Karatasi ngumu isiyovutika hupasuka mapema. Tena lazima ipitishe hewa, kwa sababu saruji hujazwa mfukoni kwa msukumo wa hewa, na hewa hiyo isipopata pa kutokea mfuko unapasuka papo hapo kwenye mashine ya kujazia. Njia ya kuzipa nyuzi nguvu ni kuzisaga kidogo ili zichanue na kushikana. Kila unavyozisaga zaidi ndivyo zinavyoshikana, na ndivyo matundu ya hewa yanavyoziba. Nyuzi za msindano, zenye urefu wa milimita 3 hivi, huvumilia mtihani huu vizuri kuliko za mkaratusi, ambazo hazizidi sana milimita 1. Hiyo ndiyo sababu ya kupanda misindano ingawa mkaratusi hukua haraka.

Mambo yakiharibika, huharibikia mahali pamoja yakaonekana kwingine. Chukua hali inayojirudia nyanda za juu kila kiangazi. Karatasi inaanza kukatika mashineni mara kwa mara, na ukiiangalia kwenye mwanga unaona vijiti vidogo vya mbao visivyoiva. Wa mashine wanawalaumu wapishi. Wapishi wanaonyesha kwamba joto, muda na maji meupe ni vilevile vya mwezi wa Machi, na ni kweli. Niliwahi kumuuliza mwendeshaji mmoja wa siku nyingi, “Mzee, hapa kumebadilika nini?” Akanijibu bila kuinua kichwa, “Mhandisi, mizani yako inapima mti au inapima maji?”

Alikuwa sahihi. Tani 10 za vipande vyenye unyevu wa asilimia 55, kama vya masika, zina tani 4.5 za mbao halisi. Tani 10 hizo hizo zikiwa na unyevu wa asilimia 45, kama za kiangazi, zina tani 5.5. Mizani inasoma 10 mara zote mbili. Dawa imetiwa ileile, lakini mbao zimeongezeka kwa zaidi ya asilimia 20, na zilizokauka huchelewa kupenywa na dawa. Pishi limepungukiwa kostiki, kappa imepanda, vijiti vimebaki, na saa kadhaa baadaye karatasi inakatika upande wa pili wa kiwanda. Tiba ni kupima unyevu kila zamu na kukokotoa dawa kwa mbao kavu. Haihitaji mtambo mpya wala mtaalamu kutoka nje. Inahitaji oveni ndogo, mizani ya maabara na mtu asiyechoka.

Harufu nayo lazima tuiseme. Msafiri wa basi kutoka Eldoret kwenda Malaba, nchini Kenya, alijua amefika Webuye kabla ya kuona bango lolote, enzi zile kiwanda cha Pan Paper kilipokuwa kinafanya kazi, kabla hakijasimama mwaka 2009. Salfaidi inayoharakisha upishi huungana na vipande vya lignini na kuzaa gesi ambazo pua ya binadamu huzinusa hata zikiwa chembe chache ndani ya chembe bilioni za hewa. Kwa hiyo harufu peke yake haithibitishi kwamba watu wanalishwa sumu, na kutonusa hakuthibitishi usalama. Salfaidi ya hidrojeni ikifika chembe 100 hivi kwa milioni, hupumbaza mishipa ya kunusa, na anayeingia tangini akitegemea pua yake anaweza asitoke. Gesi hizi hukusanywa kwa mabomba na kuchomwa, mara nyingi ndani ya tanuri la chokaa. Kiwanda kinachonuka kilomita nyingi, kwa kawaida, ni kiwanda kisichokusanya vizuri, na anayeiita harufu hiyo jambo la kawaida la kazi hii ana deni la kueleza.

Lakini pia kurudisha kila kitu kuna kikomo chake. Mti huleta vitu ambavyo hatukuviomba: potasiamu, kloridi, silika, kalsiamu. Kiwanda cha zamani kilivipoteza pamoja na maji mengi kiliyoyamwaga. Kiwanda kinachobana maji hujikuta vinarundikana mzunguko baada ya mzunguko. Potasiamu na kloridi hushusha kiwango cha joto ambacho majivu ya boila huanza kunata, yakashika kwenye mabomba na kuziba njia ya moshi. Hivyo mhandisi aliyefurahia kupunguza maji taka mwaka jana anaweza mwaka huu kusimamisha boila ili ioshwe. Lazima uache mlango mdogo wa kutolea takataka hizo, na ujue ni mdogo kiasi gani.

Nchi zetu zimeipa karatasi nafasi mpya. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Ninaunga mkono marufuku hizo, ila nina onyo la kitaalamu. Mfuko wa kaki hauwi safi kwa kuwa umetoka kwenye mti. Unakuwa safi ikiwa maji meusi yake yalichomwa, chokaa yake ikarudi na mashamba ya miti yakapandwa upya. Na maboksi chakavu, ambayo viwanda vingi vya ukanda huu huyalowesha na kuyageuza karatasi tena, hayawezi kuzunguka milele. Nyuzi hufupika na kukakamaa kila zinapopita mashineni, na lazima nyuzi mpya ndefu ziongezwe mara kwa mara kutoka mahali kama Mufindi.

Kwa kijana anayesoma uhandisi wa kemikali na mchakato, iwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Moi kule Eldoret, sitamdanganya kwamba kazi hii ina heshima mtaani kama ya benki. Viwanda viko mbali na miji, zamu za usiku zipo, na nguo hubaki na harufu. Ila ukibahatika kutembelea kiwanda kinachopika rojo, usianze kwa kuuliza kinazalisha tani ngapi kwa siku, maana hiyo kila mtu anayo mdomoni. Muulize mwenyeji wako: kwa kila tani ya karatasi, mnanunua kilo ngapi za salfati ya sodiamu kufidia iliyopotea, na inapotelea wapi? Akijibu yote mawili bila kufungua kompyuta, omba kazi hapo.